Injini Kubwa Zaidi: Ifungwe au Isifungwe?

Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima wa Karagwe na Kyerwa. Maneno haya ndiyo yaliyosomwa redioni. Kiongozi wa kikundi ayasome tena polepole, kisha kikundi kijadili maswali yaliyo mwisho.

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu aishike, maana leo tuna hesabu kidogo.

Somo letu lahusu jambo ambalo huzungumzwa kila siku mahali magari yanapotengenezwa. Mtu wa Kiruruma ana pikapu. Kwa gari hilo hubeba ndizi, maharage na kahawa, huenda Kayanga au Omurushaka, na mara nyingine huteremka mpaka Kyaka na kuendelea Bukoba. Sasa gari limeanza kushindwa vilima. Likipakiwa hupanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, na pikipiki zote zinalipita. Fundi amwambia, "Mzee, injini hii ni ndogo. Nikufungie kubwa, kilima kile utakipanda kwa gia ya tatu." Mzee ajibu, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini nipe siku mbili nifikiri."

Mzee huyo amejibu vema. Gari la namna hii ndilo shamba la pili la nyumba: karo ya watoto, dawa na mabati hutoka humo. Akiamua vibaya atapoteza fedha nyingi, na pengine atahatarisha roho za watu. Basi leo tumsaidie kufikiri.

1. INJINI KUBWA MAANA YAKE NINI?

Ukubwa wa injini hatuupimi kwa kutazama chuma chake kwa nje. Twaupima kwa nafasi iliyomo ndani ya silinda, mahali pistoni inapopanda na kushuka. Nafasi hiyo huhesabiwa kwa sentimeta za ujazo, na kwa kifupi huandikwa cc. Sentimeta za ujazo 1000 ni sawa na lita moja.

Tuchukue mfano wa injini za dizeli ambazo mafundi wetu wanazijua sana, zile za Toyota zilizofungwa katika Hilux na Hiace za zamani. Injini iitwayo 2L ina silinda nne, na kila silinda ina upana wa milimita 92. Ukubwa wake wote ni cc 2446. Ndugu yake, 3L, ina silinda zenye upana wa milimita 96, na ukubwa wake ni cc 2779. Ndugu wa tatu, 5L, ana upana wa milimita 99.5, na ukubwa wa cc 2986. Tazameni basi: upana wa silinda umeongezeka kwa milimita saba na nusu tu, yaani chini ya upana wa kidole, na pistoni kusafiri kidogo zaidi, lakini ukubwa wa injini umezidi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Silinda kubwa huvuta hewa nyingi zaidi. Penye hewa nyingi huweza kuchomwa mafuta mengi, na penye mafuta mengi yaliyochomwa vizuri hupatikana nguvu nyingi. Likumbukeni neno hilo: injini ni chombo cha kuvuta hewa. Tutalihitaji sasa hivi.

2. HEWA YA KARAGWE

Wengine husema, "Gari hili lilipotoka Dar es Salaam lilikuwa na nguvu. Limefika huku limelegea." Si uongo, na si uchawi. Dar es Salaam ipo kando ya bahari. Sisi huku tupo juu. Sehemu nyingi za nyanda za Karagwe zimezidi mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Katika kimo cha mita 1500, silinda ile ile hupata hewa pungufu kwa kadiri ya asilimia 14.

Tufanye hesabu. Injini ya 2L yenye cc 2446, ikifanya kazi huku kwetu, hupata hewa ambayo injini ya cc 2100 hivi ingeipata pwani. Nayo 5L yenye cc 2986, ikiletwa huku, hupata hewa ya injini ya cc 2570 hivi. Kwa maneno mengine, ukifunga 5L hapa Kiruruma umelirudishia gari nguvu ambayo 2L ilikuwa nayo pwani, ukaongeza kidogo juu yake. Hujapata maajabu. Anayekuahidi maajabu anakudanganya.

Jambo hili laeleza pia moshi mweusi. Pampu ya dizeli ya injini hizi za zamani iliyopimwa kwa hewa ya pwani hupeleka mafuta kwa kipimo kile kile hata hewa ikiwa imepungua. Mafuta yakosayo hewa hayaungui yote. Hutoka kama moshi mweusi. Huo moshi ni fedha yako inayopaa. Fundi mwenye ujuzi aweza kuipunguza pampu ikalingana na hewa ya huku. Injini zenye tabo hazidhuriki sana kwa jambo hili, kwa sababu tabo huisukuma hewa kwa nguvu iingie ndani ya silinda.

3. KWANZA TAZAMA KAMA INJINI NI MGONJWA

Mtu mwenye homa hawezi kulima. Je, utamfukuza shambani uajiri mwingine, au utamtibu kwanza? Injini nyingi zinazoitwa ndogo si ndogo; zinaumwa. Kabla ya kununua injini nyingine, chunguzeni mambo haya, na yote gharama yake ni ndogo ukilinganisha na injini:

Moja, chujio la hewa. Vumbi jekundu la barabara zetu wakati wa kiangazi hulijaza upesi. Injini yenye chujio lililoziba ni kama mtu akimbiaye huku amezibwa pua.

Mbili, chujio la dizeli na nozeli. Nozeli iliyochakaa hudondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu.

Tatu, klachi. Ukikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele lakini gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Injini kubwa haitaponya hilo; itaimaliza klachi mapema zaidi.

Nne, breki zinazoshika zenyewe. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kuliko nyingine, gurudumu hilo linazuiwa.

Tano, matairi. Wengi hufunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani ili gari liinuke juu. Tairi kubwa hulifanya gari lipande kilima kana kwamba umeongeza gia. Rudisha kipimo cha asili, na huenda nguvu ikarudi siku hiyo hiyo.

Sita, mgandamizo wa silinda. Huu hupimwa kwa geji maalumu. Silinda zote zikiwa zimepungua, pistoni na ringi zake zimekwisha. Hapo ndipo tunaposema injini imezeeka kweli.

Ukitibu hayo na gari likapanda, somo letu kwako limekwisha. Ukaenda zako na fedha yako mfukoni.

4. INJINI HAIENDI PEKE YAKE

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari kiwandani limeundwa kwa kipimo: injini, klachi, giaboksi, propela, difu, springi, rejeta na breki, vyote vimelinganishwa. Ukiongeza kimoja, umevigusa vyote.

Tuwape mfano wa kiwanda chenyewe. Land Rover ya kwanza, ya mwaka 1948, ilikuwa na injini ya petroli ya cc 1595. Baadaye wakafunga ya cc 1997, na mwaka 1958 ikaja ya cc 2286. Walipanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 1979 wakaamua kufunga injini kubwa kweli, ya silinda nane, cc 3528, iliyokuwa ikitumika katika Range Rover. Je, waliitoa humu wakaitia humu, basi? La. Walileta na giaboksi ya Range Rover, inayosukuma magurudumu manne wakati wote. Tena wakaibana injini ile isitoe nguvu yake yote: katika Range Rover ilikuwa ikitoa nguvu ya farasi zaidi ya 130, katika Land Rover hiyo wakaiacha itoe kama 91 tu. Gari hilo lilikuwa bado na breki za ngoma kwa magurudumu yote. Basi ikiwa wenye kiwanda, wenye wahandisi na mitambo ya kupimia, waliona haja ya kujizuia, je, sisi wenye spana na winchi chini ya mwembe?

Kwa hiyo injini badala tuzigawe katika aina mbili.

Aina ya kwanza ni injini ya ukoo mmoja na ile ya zamani. 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja, kwa hiyo hukaa mahali pale pale na huungana na giaboksi ya aina ile ile. Kwa gari dogo la abiria la Probox, injini ya 2NZ ya cc 1298 na ile ya 1NZ ya cc 1496 nazo ni ukoo mmoja. Kazi hapa ni ya kawaida, ingawa vifaa vidogovidogo na nyaya zake lazima vilinganishwe kabla ya kulipa.

Aina ya pili ni injini ya kigeni kwa gari lako. Tuseme fundi anataka kutia ndani ya Hilux ile injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ukubwa wa cc 4164. Ni injini nzuri sana mahali pake. Lakini ni ndefu na nzito. Itataka mauntingi mpya zichomelewe, rejeta isogezwe au ibadilishwe, propela ikatwe, na springi za mbele ziongezwe nguvu. Difu iliyotengenezwa kwa injini ndogo itaanza kulia, na siku moja itavunjika kilimani huku gari limejaa. Mtu anayeanza kazi hiyo hununua injini moja, lakini hulipia gari zima.

Msisahau rejeta. Injini kubwa hutoa joto kubwa. Tena katika kimo chetu maji hayangoji nyuzi 100. Huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta, unaoyafungia kwa mgandamizo. Rejeta ndogo na mfuniko mbovu huua injini kubwa kwa safari moja.

5. KILIMA KINA PANDE MBILI

Mwenye gari hufikiri juu ya kupanda. Lakini kila kilima alichokipanda atakiteremka, na kuteremka ndiko kunakoua.

Tuseme gari na mzigo wake lina uzito wa kilo 2500, nalo linateremka kimo cha mita 300. Kama breki peke yake ndizo zingelizuia, zingepata joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji, yaani ndoo nzima. Joto hilo lote laingia katika vyuma vinne vidogo. Breki zikizidiwa na joto hulegea: unakanyaga, na gari haliitikii.

Ndiyo maana madereva wa zamani walifundishwa kuteremka kwa gia ile ile waliyopandia, ili injini yenyewe isaidie kuzuia. Kanuni hii ni njema, lakini sikilizeni hatari yake kwa mwenye injini kubwa. Zamani alipanda kwa gia ya kwanza, akateremka kwa gia ya kwanza, polepole. Sasa anapanda kwa gia ya tatu. Akiteremka kwa gia ya tatu, mwendo umezidi sana, lakini breki ni zile zile. Basi mwenye injini kubwa ateremke kwa gia ambayo ile injini ndogo ingepandia.

Tena mwendo hauongezi hatari kwa kadiri yake, bali zaidi ya kadiri yake. Gari likitoka mwendo wa kilometa 40 kwa saa likaenda 60, umbali ambao breki huhitaji kulisimamisha huwa mara mbili na robo. Likienda 80, ni mara nne. Wakati wa mvua, juu ya changarawe yenye utelezi, umbali huo huwa mrefu zaidi.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: asiye na fedha ya kutengeneza breki zote, asinunue injini kubwa. Breki kwanza.

6. HESABU YA FEDHA

Sasa kalamu. Bei tutakazotumia ni za mfano tu; kila mmoja atie bei za siku yake na za fundi wake.

Tuseme pikapu yetu husafiri kilometa 80 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Jumla ni kilometa 2000. Injini ya zamani huenda kilometa 10 kwa lita, basi hutumia lita 200. Injini kubwa huenda kilometa 8 kwa lita, basi hutumia lita 250. Tofauti ni lita 50 kila mwezi. Lita moja ikiwa shilingi 3000, tofauti hiyo ni shilingi 150,000 kwa mwezi.

Tuseme injini, mauntingi, klachi, rejeta, breki na kazi ya fundi vimegharimu shilingi 5,400,000. Ukitaka fedha hiyo irudi katika miaka mitatu, yaani miezi 36, lazima uweke kando shilingi 150,000 kila mwezi. Jumlisha na ile ya dizeli: shilingi 300,000. Hizo ni shilingi ambazo gari lazima lizilete kila mwezi zaidi ya zamani, kabla hujaona faida hata ya senti moja.

Je, zitatoka wapi? Wengi hujibu, "Nitabeba mzigo mkubwa zaidi." Hapana, ndugu. Mzigo hauwekwi juu ya injini. Mzigo huwekwa juu ya chesisi, springi, ekseli na matairi, navyo havikukua. Uzito ulioruhusiwa ni ule ule. Faida ya haki ni moja tu, nayo ni muda. Jiulize basi: nikiwahi kwa nusu saa, nitapata safari nyingine yenye mzigo na mwenye kulipa? Au nitakaa sokoni nikingoja wanunuzi wale wale?

Lakini tuwe wa kweli, maana hesabu ina upande wa pili. Injini ndogo inayokanyagwa mpaka chini kutwa nzima nayo hunywa sana na huchakaa mapema. Kwa gari ambalo kila siku limejaa na kila siku lina vilima, tofauti ya mafuta yaweza kuwa ndogo kuliko tulivyoandika. Ndiyo maana twasema usikisie: jaza tangi, andika kilometa, jaza tena, gawanya. Fanya hivyo wiki nne.

Na kama injini ya zamani imekufa kabisa, hesabu hubadilika. Hapo gharama ya kulinganisha si ile yote. Tuseme kuifufua ya zamani ni shilingi 3,600,000, na kufunga kubwa ni 5,400,000. Unachoamua sasa ni juu ya tofauti ya shilingi 1,800,000, yaani shilingi 50,000 kwa mwezi katika miaka mitatu, pamoja na ile ya dizeli. Huo ndio wakati unaofaa kufikiri juu ya injini kubwa ya ukoo ule ule.

7. KADI YA GARI

Kadi ya usajili huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini na ukubwa wa injini. Ukibadili injini bila kubadili kadi, gari na karatasi zake havisemi neno moja. Askari akikagua, namba hazilingani, nawe utaonekana kama mwizi wa injini. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itapata sababu ya kukukwepa. Siku ya kuuza, mnunuzi mwenye akili atakimbia. Basi dai hati ya mauzo ya injini yenye namba yake, gari likaguliwe, na mabadiliko yaandikishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Zamani mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka kwa kufuata ukubwa wa injini. Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada hiyo ya mwaka, na badala yake ikaongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Wengine walidhani injini kubwa sasa haina ushuru. Inao: inaulipa kila inapokunywa.

8. UAMUZI

Tufunge mzigo wetu. Kama gari lako ni dhaifu, litibu kwanza. Likipona, acha. Kama injini imekufa, na breki, rejeta na difu ni nzima, na injini kubwa ya ukoo ule ule yapatikana na hati zake, na hesabu yako imelipa, ifunge bila woga. Kama injini ni ya ukoo mwingine, afadhali uuze gari ununue lile ambalo kiwanda kililitengeneza nayo. Na kama sababu yako kubwa ni kwamba pikipiki zinakupita kilimani, ziache zipite. Ndizi zitafika.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hadi somo lijalo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini injini ile ile ina nguvu pungufu Karagwe kuliko pwani?

2. Tajeni magonjwa manne ya gari yanayodhaniwa kuwa udogo wa injini. Ni yapi mmeyaona wenyewe hapa kijijini?

3. Gari husafiri kilometa 1500 kwa mwezi. Injini ya zamani huenda kilometa 12 kwa lita, mpya kilometa 10. Tofauti ni lita ngapi? (Jibu: lita 25.) Ni shilingi ngapi kwa bei ya leo?

4. Dereva mwenye injini kubwa ateremke kwa gia gani, na kwa nini?

5. Kazi ya wiki: mwenye gari au pikipiki katika kikundi apime mafuta yake kama tulivyoeleza, alete hesabu yake mkutano ujao.